Hasara ya Mzee Hans: Mwanafunzi Anapata Nini Chuoni?

Katika sharika zetu kuna swali linaloulizwa kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, kisha linaulizwa tena kwa sauti ya chini baada ya mahafali. Mzazi ameuza ng'ombe, au ameuza kipande cha shamba, au wazee wa kanisa wamepitisha bahasha ili mtoto wa mjane asikose ada. Kijana amesoma miaka mitatu au minne. Amerudi nyumbani na cheti, cheti kimelala kwenye bahasha ya kaki, na yeye mwenyewe anazunguka kutafuta kazi. Ndipo watu husema, "Sasa kule alikwenda kufuata nini?" Na hakosekani wa kuongeza kwamba mwenzake aliyebaki kijijini ana bodaboda mbili na ameshaezeka nyumba.

Swali hilo si la dharau. Ni swali la mtu aliyetoa jasho lake, na Bwana Yesu mwenyewe alitufundisha kwamba anayetaka kujenga mnara hukaa kwanza akahesabu gharama. Tukimjibu mzazi huyo kwamba elimu ni ufunguo wa maisha, ana haki ya kutuuliza mlango wenyewe uko wapi. Mimi nafundisha katika chuo cha theolojia na swali hili nalisikia mara nyingi. Katika insha hii napenda tulijibu kwa historia ya kanisa letu wenyewe. Walutheri wa kwanza waliulizana jambo hili hili miaka 500 iliyopita, na kabla yao aliliuliza baba mzazi wa Martin Luther.

Hesabu ya baba

Hans Luther alikuwa mtoto wa mkulima. Hakurithi shamba, hivyo akaenda kutafuta maisha katika machimbo ya shaba. Martin alizaliwa Eisleben mwaka 1483, na mwaka uliofuata familia ikahamia Mansfeld. Huko Hans alifanya kazi ngumu, akakopa, akapanda hadi kuwa na sehemu katika biashara ya kuyeyusha shaba. Mtu wa namna hiyo tunamjua. Hakusoma sana, lakini ameapa kwamba mwanawe hatapita katika shimo alilopitia yeye.

Alimpeleka mtoto shule Mansfeld, kisha Magdeburg, kisha Eisenach. Fedha hazikuwa nyingi. Kule Eisenach kijana Martin, kama wanafunzi wengine wa wakati ule, aliimba mlango kwa mlango ili apewe mkate. Mwaka 1501 akaandikishwa katika Chuo Kikuu cha Erfurt. Hesabu ya baba ilikuwa wazi: mwana asome sheria, awe mtu wa mahakama au mshauri wa watawala, aoe vizuri, na wazee wapate pa kuegemea. Kijana alipoanza masomo ya sheria mwaka 1505, Hans alimnunulia kitabu cha sheria cha bei kubwa.

Mwezi Julai mwaka huo huo, Martin akiwa njiani kurudi Erfurt, radi ilipiga karibu naye. Kwa hofu akaweka nadhiri ya kuwa mtawa, na siku chache baadaye akabisha hodi katika nyumba ya watawa wa Augustino. Hans alikasirika mno. Miaka miwili baadaye, mwana alipoadhimisha misa yake ya kwanza, mzee alikuja na wageni wake na akatoa mchango wa gulden 20 kwa jiko la watawa, lakini pale mezani hakujizuia. Aliwauliza wasomi wale kama hawajapata kusoma amri ya kuwaheshimu baba na mama.

Tuseme ukweli: kwa hesabu ya Mzee Hans, fedha ya chuo ilikuwa imepotea. Kazi aliyoitarajia haikupatikana. Je, kijana alikuwa hajapata kitu?

Alichobeba kutoka Erfurt

Kitu cha kwanza kinaonekana katika matokeo yake. Mwaka 1502 Luther alipata shahada ya kwanza akiwa wa 30 kati ya wahitimu 57. Hakuwa nyota. Mwaka 1505 alipata shahada ya uzamili akiwa wa pili kati ya 17. Kati ya mitihani hiyo miwili kuna zaidi ya miaka miwili ya kuishi bweni chini ya mwalimu, kuamka mapema, kusikiliza mihadhara na kurudia. Mtu anayepita katika jambo hilo anajifunza kuhusu nafsi yake kile ambacho sifa za watu haziwezi kumfundisha: kwamba asichoelewa leo anaweza kukielewa mwakani, akikaa chini na kukifanyia kazi. Kijana mwenye uhakika huo ukimpa kazi asiyoijua hatakimbia.

Kitu cha pili ni mdahalo. Katika vyuo vya wakati ule mwanafunzi hakuruhusiwa kusema tu anachoamini. Hoja iliwekwa mbele, mwingine akaipinga, na aliyeitetea alipaswa kwanza kurudia maneno ya mpinzani wake kwa usahihi, ndipo ajibu. Ni shule ngumu kwa moyo wenye kiburi. Inakulazimisha kumsikiliza mtu unayetamani anyamaze. Tukiadhimisha siku ya Matengenezo kila Oktoba 31, tukumbuke kwamba zile Hoja 95 za mwaka 1517 ziliandikwa kwa mtindo huo. Zilikuwa mwaliko wa mdahalo wa chuo, kwa lugha ya chuo. Mungu alitumia chombo ambacho Luther alikwisha kuzoea kukishika.

Kitu cha tatu alikisimulia mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Alikuwa na umri wa miaka kama ishirini alipoiona kwa mara ya kwanza Biblia nzima, katika maktaba ya chuo. Kabla ya hapo alikuwa amesikia tu vipande vinavyosomwa kanisani. Alipoifungua alikutana na habari za Hana na mwanawe Samweli, akashangaa kwamba kitabu kina mengi kuliko alivyodhani. Hakuna mwalimu aliyemtuma kukisoma, wala hakukuwa na mtihani juu yake. Maktaba ilikuwa wazi, na yeye alikuwa amepewa miaka michache ya kuwa na nafasi. Wazazi, nafasi hiyo ndiyo sehemu kubwa ya kile mnacholipia, ingawa haiandikwi kwenye fomu ya ada.

Cha nne kilikuja baadaye, Wittenberg. Mkuu wake, Johann von Staupitz, alimwambia asome hadi udaktari wa theolojia. Luther alitoa sababu nyingi za kukataa. Ada ya gulden 50 ililipwa na mtawala, Frederick wa Saksonia, na mwezi Oktoba 1512 Luther akapewa shahada na kula kiapo cha kufundisha kweli. Miaka ilipopita na watu wakamuuliza yeye ni nani hata ajione ana akili kuliko kanisa zima, alirudi mara kwa mara kwenye kiapo kile. Hakukitumia kujisifu. Kilimkumbusha kwamba hakujituma: aliitwa, akaapishwa, hivyo kunyamaza lingekuwa kosa. Ndiyo maana namwambia mwanafunzi avae joho lake siku ya mahafali akijua kwamba amewekewa deni.

Madarasa yalipobaki matupu

Sasa tuje kwenye miaka ya 1520, maana ndipo swali letu lilipolipuka. Kwa muda mrefu wazazi wa Ujerumani walisomesha wana ili wapate nafasi katika utawa, ukasisi na ofisi za kanisa, kazi zenye chakula cha uhakika. Matengenezo yalipofika, nyumba za watawa zikaanza kufungwa na nafasi zile zikayeyuka. Wazazi wakafanya hesabu upya. Kama mtoto hatakuwa mtawa wala kasisi, asome ya nini? Afadhali ajifunze ufundi au biashara. Idadi ya wanafunzi wapya katika vyuo ilianguka vibaya, na Erfurt, chuo alichosoma Luther, kilikuwa kati ya vilivyoumia zaidi.

Wakati huo huo walitokea wahubiri waliosema kwamba mwenye Roho hahitaji shule. Andreas Karlstadt, profesa aliyewahi kuwa mwenzake Luther pale Wittenberg, aliziacha shahada zake, akataka aitwe ndugu tu, akaenda kulima. Kulima si aibu. Wengi wetu tumelelewa na jembe. Lakini alifundisha kana kwamba ujinga uko karibu zaidi na Mungu kuliko elimu, na fundisho hilo lilipata wasikilizaji.

Luther alijibu mara mbili. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani, akiwataka waanzishe na kutunza shule. Aliwakumbusha kwamba kila mwaka mji unatoa fedha nyingi kwa silaha, barabara na madaraja, akauliza kwa nini usitoe japo kidogo kwa ajili ya watoto. Alitaka wasichana nao wasome, na miji iwe na maktaba nzuri. Na aliandika jambo linalowashangaza wengi: hata kama kusingekuwa na roho wala mbingu, bado shule zingehitajika ili wanaume na wanawake waongoze vizuri nchi na nyumba zao.

Mara ya pili ilikuwa 1530, katika hotuba ndefu aliyoandika kuwahimiza wazazi wasiwaondoe watoto shuleni. Humo Luther hakuona haya kuzungumzia kazi. Aliorodhesha wachungaji, walimu, waandishi na wanasheria watakaohitajika, akaonya kwamba wazee wa siku zile wakifa hapatakuwa na wa kushika nafasi zao. Kwa hiyo mzazi anayeuliza habari za ajira hamkosei Luther. Lakini katikati ya hesabu hizo aligusa jambo lingine. Alisema hataki hata kuanza kueleza furaha anayopata mtu aliyesoma, hata kama hatashika ofisi yoyote: anavyoweza kukaa nyumbani kwake na kusoma mambo ya kila namna, kuzungumza na kushirikiana na watu wenye elimu, kusafiri na kufanya shughuli katika nchi za ugeni. Hata kama hatashika ofisi yoyote! Maneno hayo yaliandikwa wakati ajira za wasomi zilikuwa zimepungua, kama leo.

Kijana kutoka Pernaja

Kati ya wanafunzi waliokaa mbele ya Luther na Philipp Melanchthon alikuwapo kijana mmoja kutoka mbali kaskazini. Mikael Agricola alizaliwa karibu mwaka 1510 huko Pernaja, Ufini, kwa baba mkulima. Askofu wa Turku alimpeleka Wittenberg mwaka 1536. Wakati ule Kifini kilikuwa lugha ya nyumbani na sokoni. Hapakuwa na kitabu hata kimoja kilichochapishwa kwa lugha hiyo.

Alirudi mwaka 1539 akiwa na barua za kumpendekeza kutoka kwa Luther na Melanchthon, akapewa kuongoza shule ya kanisa kuu la Turku. Kazi hiyo haikumpendeza sana, na wanafunzi walimchosha. Lakini mwaka 1543 alitoa kitabu cha kujifunzia kusoma, mwaka 1544 kitabu cha sala, na mwaka 1548 Agano Jipya lote kwa Kifini, kazi aliyoianza akiwa bado mwanafunzi. Baadaye alikuwa askofu, akafa mwaka 1557 akirudi kutoka Moscow katika ujumbe wa kutafuta amani.

Wittenberg haikumfundisha Agricola Kifini. Kifini alikijua kabla ya kwenda huko. Chuo kilimpa Kigiriki cha kusomea Agano Jipya, walimu waliomwonyesha kwamba lugha ya watu wa kawaida inaweza kubeba Neno la Mungu, na ujasiri wa kuitazama lugha ya nyumbani kwa heshima mpya. Alikwenda mbali, akarudi akakiona cha kwao. Karne nne baadaye wamisionari kutoka Ufini walikuja kufanya kazi pamoja na Walutheri wa Tanzania, wakiwa watoto wa kanisa lililojifunza kusoma kwa vitabu vya mtu huyo.

Kwetu sisi

Nasi tuna habari zetu. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, wamisionari wa Kijerumani katika Tanganyika waliwekwa kizuizini, na makanisa yakabaki mikononi mwa wachungaji Waafrika waliokuwa wachache, pamoja na wainjilisti na walimu. Walifanya kazi kubwa. Vita vilipokwisha ilikuwa dhahiri kwamba panahitajika chuo. Mwaka 1947 mafunzo ya pamoja ya theolojia yakaanza Lwandai, Usambara, na mwaka 1954 chuo kikahamia Makumira, chini ya Mlima Meru. Makanisa ya Kilutheri ya sehemu mbalimbali yalipeleka vijana wao pale. Kijana aliyekuwa amewajua watu wa kwao tu alilala bweni moja na mtu wa mlima mwingine na lugha nyingine. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba yalipoungana kuwa KKKT, walikuwapo wachungaji waliokwisha kujuana kwa majina tangu wakiwa wanafunzi.

Tumkumbuke pia Askofu Josiah Kibira, aliyezaliwa mwaka 1925 Bukoba. Alikuwa mwalimu, akaenda kusoma theolojia Bethel, Ujerumani, na baadaye Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu, na mwaka 1977, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, akachaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Walutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo. Lakini mimi hupenda kuwaonyesha wanafunzi kitabu chake cha mwaka 1974. Amesoma mbali, na anachoandika ni kanisa na ukoo kwa Wahaya: jinsi ushirika wa Kikristo unavyokutana na undugu wa damu. Alitumia elimu ya ugenini kuuliza maswali ya nyumbani. Ndivyo alivyofanya Agricola.

Chuo kisichoweza kutoa

Haitakuwa haki nikimaliza bila kusema upande wa pili. Chuo hakikumpa Luther amani ya moyo. Aliipata katika Maandiko, kwa neema, baada ya miaka ya mateso ya dhamiri, na mwaka 1520 alivikosoa vyuo vikuu kwa maneno makali sana, kwamba vyuo visivyofundisha Neno la Mungu vinaweza kuwa mlango wa upotevu. Shahada haiokoi. Tena mkewe, Katharina von Bora, hakukanyaga chuo kikuu, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa. Ndiye aliyelima, aliyetengeneza bia, aliyesimamia fedha za nyumba na kuwalisha wanafunzi waliopanga kwao. Bila yeye wengi wa wasomi wale wangesoma na njaa. Basi kijana mwenye bodaboda mbili asidharauliwe na mtu yeyote mwenye joho, na binti anayefaulu leo asinyimwe nafasi ambayo Katharina hakuipata.

Mzee Hans alifariki tarehe 29 Mei 1530. Walikuwa wamepatana zamani. Alikuwapo hata kwenye sherehe ya arusi ya mwanawe mwaka 1525. Habari za msiba zilimfikia Luther akiwa katika ngome ya Coburg, mbali na nyumbani. Aliyekuwa naye aliandika kwamba alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia sana. Wiki chache baada ya hapo, katika ngome hiyo hiyo, ndipo alipoandika ile hotuba ya kuwahimiza wazazi kusomesha watoto. Ndani yake anawaambia wasiwadharau watoto wanaoomba mkate mlangoni, kwa kuwa yeye alikuwa mmoja wao. Na anaeleza kwamba baba yake alimtunza Erfurt kwa upendo, akamfikisha alipofika kwa jasho na taabu yake. Mwanasheria aliyetakiwa na Hans hakupatikana. Aliyepatikana ni mtu aliyejua ametoka wapi na kwa gharama ya nani, na aliyetumia kila alichojifunza kwa ajili ya watoto wa watu wengine.

Wazazi wangu katika Bwana, endeleeni kuuliza habari za kazi. Ni haki yenu, na kanisa na serikali hatuna budi kusaidia kulitafutia jibu. Lakini kijana akirudi nyumbani, kabla ya kuiuliza ile bahasha, muulizeni yeye. Mwombeni awaeleze alichosoma hadi mkielewe. Mpeni darasa la kipaimara, mpeni vitabu vya hesabu za usharika avipitie, mketisheni katika kikao ambacho watu wamegawanyika, mtazame kama anaweza kurudia hoja ya mpinzani kwa haki kabla ya kuijibu. Na wewe mwanafunzi, miaka hiyo michache usiimalize kwa kusubiri cheti. Ingia maktaba hata pasipo mtihani. Kaa na mwenzako wa lugha nyingine. Na unapopokea fedha kutoka nyumbani, jua kuna mtu amechimba shimoni kwa ajili yake.